Kinyago cha Mawingu na Picha Isiyo na Sura: Wachoraji Dhahania Wanachota Wapi?

Kinyago cha mawingu, mtindo mmoja wa uchongaji wa Wamakonde, hakina uso. Mchongaji huchukua gogo la mpingo, akaondoa ganda na ule mti mweupe wa juu mpaka afike kwenye moyo mweusi. Badala ya kutafuta mzee mwenye mkongojo au mama mwenye mtungi, hufuata mkunjo wa mti wenyewe: tundu hapa, upinde pale, ncha inayopaa na kurudi chini. Utakizunguka kinyago kizima usione pua wala sikio. Na bado watu wa Mtwara na Newala hukishika, hukigeuza, hupitisha kidole kwenye mikunjo na kuuliza bei. Hakuna anayesema kwamba aliyekichonga hajui kuchonga.

Mwekee mtu huyohuyo picha ya rangi isiyo na nyumba, ng'ombe wala binadamu, na swali linakuja papo hapo: hii ni picha ya nini? Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu uchoraji dhahania inaanzia kwenye swali hilo. Si swali baya, ila halitufikishi mbali. Linalotufikisha ni jingine: mkono uliochora hivi ulifunzwa na nini? Ulizoea kushika nini kabla ya kushika brashi? Jicho lililochagua wekundu huu liliuona wapi kwanza? Nataka kuyafuata maswali hayo kwa wachoraji kadhaa wa duniani, nikitazama kutoka huku kusini mwa Tanzania, kwa sababu huku tunayo mambo mengi yanayoweza kutusaidia kuwaelewa.

Kwanza kitu chenyewe. Katika uchoraji dhahania, mstari, rangi, umbo na namna rangi ilivyopakwa ndivyo vinavyobeba kazi yote, bila kuegemea sura ya kitu tunachokijua. Wapo wanaoanza na kitu halisi, mti au mwili, wakakipunguza hadi kibaki kiini tu. Wapo wanaoanza na rangi yenyewe na kuona itawapeleka wapi. Na wapo, hasa katika miaka hii, wanaorundika vitu halisi vingi mno, tabaka juu ya tabaka, mpaka hakuna kinachosomeka peke yake. Mtu akichanganya makundi haya matatu ataona fujo, kwa sababu atakuwa anatafuta mti mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mti.

Katika makundi yote hayo, hakuna aliyechora kutoka hewani. Vitabu vya zamani vilizoea kumtaja Mrusi Wassily Kandinsky kuwa ndiye aliyefungua njia. Januari 1911, mjini Munich, alihudhuria onyesho la muziki wa Arnold Schönberg, na muda mfupi baadaye akachora picha ambayo manjano imeifunika karibu yote, huku umbo kubwa jeusi, ambalo ni piano iliyo wazi, likiwa bado linatambulika kwa shida. Msweden Hilma af Klint alikuwa ametangulia: kuanzia mwaka 1906 alichora duara, mizunguko ya konokono na maua yasiyo maua, akiamini anaongozwa na roho alizokuwa akiwasiliana nazo yeye na wanawake wenzake. Aliagiza kazi zake zisionyeshwe mpaka ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Kazimir Malevich, alipoonyesha mraba wake mweusi mwaka 1915, aliutundika juu kwenye kona ya chumba, mahali ambapo nyumba za Warusi Waorthodoksi huweka picha takatifu. Muziki kwa mmoja, mizimu kwa mwingine, kona ya ibada kwa wa tatu. Tangu siku za mwanzo kabisa, picha isiyo na sura ilikuwa na wazazi.

Hapa kusini kuna hadithi inayopendwa, kwamba Wazungu walijifunza sanaa ya kisasa kutoka kwenye vinyago vya Wamakonde. Napenda fahari iliyomo, lakini tarehe na mahali havikubaliani nayo. Pablo Picasso alipotembelea makumbusho ya Trocadéro mjini Paris mwaka 1907, barakoa na sanamu za Kiafrika zilizokuwa zikikusanywa Ufaransa zilitoka zaidi katika makoloni yake ya Afrika Magharibi na ya Kati. Kusini mwa Tanganyika kulikuwa chini ya Wajerumani, ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa kwa Wareno, na vitu vya Wamakonde vilikwenda huko. Zaidi ya hayo, vinyago vya mashetani, yaani maumbo ya mapepo, na mawingu tunayoyaona leo barabarani ni mitindo iliyokua kuanzia miaka ya 1950, wakati Picasso alikuwa tayari mzee.

Kilicho kweli ni kikubwa vya kutosha. Wachongaji wa Afrika waliwaonyesha wachoraji wa Paris kwamba uso unaweza kupangwa upya, kwamba jicho linaweza kuwa tundu na shavu likawa bapa, na kazi ikazidi kuwa na nguvu. Wachoraji waliofuata wakaupanga upya uso mpaka ukatoweka. Baadaye somo hilo likarudi Afrika kupitia vyuo vya sanaa, likiwa na jina la Ulaya, na vijana wetu wakaambiwa wanaiga Wazungu. Mtu mmoja aliyeishi ndani ya mzunguko huo ni Ernest Mancoba wa Afrika Kusini, aliyezaliwa mwaka 1904. Alikuwa mchongaji, akaenda Paris mwaka 1938, akafungwa na Wajerumani wakati wa vita, kisha akawa mmoja wa kundi la wachoraji la CoBrA. Katika picha zake umbo moja huonekana tena na tena katikati, limesimama wima kama sanamu za walinzi wa mababu za Afrika ya Kati, likiyeyuka ndani ya mipigo midogo ya brashi. Analiacha likaribie kupotea, lakini halipotei.

Na mawingu nayo yalipata wapi? Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kuja upande huu wakikimbia kazi za shuruti na kodi za Wareno, na baada ya mauaji ya Mueda, kaskazini mwa Msumbiji, ya Juni 1960 hali ikazidi kuwa ngumu. Wengine walikuja kulima mkonge, na wengine wakaendelea hadi Dar es Salaam, ambako wafanyabiashara walinunua mpingo uliochongwa. Hapo ndipo mchongaji alipokutana na mnunuzi asiyejua midimu, wachezaji waliovaa barakoa, wala jando, aliyetaka kitu kipya. Samaki Likankoa, ambaye hutajwa kuwa ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani, alikuwa mmoja wa wahamiaji hao, na mfanyabiashara Mohamed Peera ndiye aliyemtia moyo. Kwa hiyo ndani ya kinyago kimoja kuna imani ya nyumbani, safari ya kuhama, umbo la mti na mfuko wa mnunuzi. Anayesema kwamba mawingu ni mila tupu anakosea, na anayesema kwamba ni biashara tupu anakosea vilevile. Wachoraji nao ni hivyohivyo.

Mchoraji ninayependa kuanza naye kila ninapozungumza na vijana wa huku ni bibi mmoja wa Australia, Emily Kame Kngwarreye. Alizaliwa yapata mwaka 1910 katika jangwa la katikati ya nchi hiyo, eneo la Utopia, kati ya watu wa Anmatyerre. Maisha yake yote alikuwa mtu wa mila: alijua nyimbo na alama za ibada ya wanawake iitwayo awelye, ambamo kifua, matiti na mikono hupakwa mistari ya udongo wa rangi. Mwaka 1977 alianza kutia rangi vitambaa kwa njia ya batiki akiwa na wanawake wenzake. Ni mwishoni mwa mwaka 1988 na mwanzoni mwa 1989, akikaribia umri wa miaka 80, ndipo alipopewa rangi ya akriliki na kitambaa cha kuchorea. Alifariki mwaka 1996. Katika miaka ile isiyozidi minane alichora picha zinazokadiriwa kufikia 3,000.

Moja wapo, ya mwaka 1995, ina upana wa karibu mita 8 na kimo cha karibu mita 3. Juu ya weusi mtupu kuna mistari myeupe inayopinda, kupishana, kuungana na kutengana bila kituo. Mtu aliyesomea sanaa New York anaweza kumkumbuka Jackson Pollock na rangi zake za kumwagwa. Lakini mkono wa bibi huyu haukufunzwa na New York. Ulifunzwa na kuchora juu ya ngozi za wanawake, na ulijua jinsi kiazi cha porini kinavyotambaa chini ya ardhi na ardhi inavyopasuka juu yake kinapokomaa. Hata jina lake la Kame linatokana na kiazi hicho. Alikuwa anachora anachokijua chini ya miguu yake, kwa mistari aliyoipaka kwenye miili ya watu kwa miongo mingi.

Mtu wa Newala au Nanyamba akilisikia hilo, anapaswa kumkumbuka bibi yake. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alipita Lindi, Masasi na Newala akipiga picha na kukusanya vitu. Aliwapa wenyeji karatasi na penseli wachore watakacho, na akazipiga picha chale zao. Ukizitazama chale za Kimakonde bila haraka utaona mpango kamili wa uchoraji dhahania: mistari sambamba, pembe zinazofuatana kama meno ya msumeno, maumbo ya almasi yaliyopangwa juu ya paji la uso, kwenye mashavu, tumboni na mgongoni. Alama zilikatwa kwa kisu kidogo na kusuguliwa masizi au mkaa, na kazi ilirudiwa ili weusi ukolee. Aliyezikata alilazimika kujua mfupa wa shavu uko wapi na ngozi itanyookaje mtu akicheka. Hakuchora kitu juu ya uso. Aliupanga uso upya kwa mstari, jambo ambalo Paris ililiona ni uvumbuzi.

Kipaji kingine cha huku ambacho hatukiiti uchoraji ni mkeka. Msusi huanza na ukili, akihesabu miyaa au ukindu anaopishanisha, na ua linatokea kwa sababu ya hesabu: rangi ya zambarau ikiingia kwenye unyuzi huu na si ule, mstari utapinda kulia. Baadaye kili hushonwa pamoja, na ua la ukili mmoja linakutana au linakosana na la jirani yake. Kukosana huko kidogo ndiko kunakoufanya mkeka uishi. Mwaka 2021 alifariki mchoraji wa Ghana, Atta Kwami, aliyekuwa amezaliwa Accra mwaka 1956 na kufundisha Kumasi miaka mingi, na sioni mtu aliyelielewa jambo hili vizuri kuliko yeye. Picha zake ni mikanda na mistatili ya rangi iliyobanana, mingine haikai sawa na mwenzake. Alichota kwenye vitambaa vya kufuma vya Waewe na Waasante, ambavyo navyo hufumwa kwa mikanda myembamba na kushonwa. Alichota pia kwenye vibanda vya biashara vya mitaani na kwenye mabango ya mafundi wa kuandika ukutani. Alitembea na kuvitazama vibanda hivyo kwa heshima ileile ambayo wengine huitoa kwa makanisa makuu. Nani kati yetu ameutazama hivyo mstari wa vibanda vya Soko Kuu la Mtwara, buluu iliyopauka pembeni ya kijani cha kampuni ya simu?

Ufuo wetu una urithi mwingine unaofungua mlango wa mchoraji mwingine kabisa. Aliyesoma chuoni Mikindani, Lindi au Kilwa anaujua ubao wa kuandikia aya, wino wake, na jinsi herufi ya kwanza inavyomtoa mtoto jasho. Ibrahim El-Salahi alizaliwa Omdurman, Sudan, mwaka 1930, na baba yake alikuwa na chuo cha Kurani nyumbani. Huko ndiko alikoanza kuandika na kupamba mbao. Alikwenda London kusoma uchoraji katika shule ya Slade, kuanzia mwaka 1954 hadi 1957, akarudi Khartoum na ufundi wote wa Ulaya, akafanya maonyesho, na watu wa kwao hawakuvutiwa. Wangeweza kulaumiwa kwa ushamba. Yeye akajiuliza kinachotundikwa majumbani mwao ni nini, akasafiri nchini akitazama: maandishi ya aya, mapambo ya vitanda na vikapu, misala.

Alianza kwa woga, akiandika herufi ndogo pembeni mwa picha. Kisha akazikuza. Kisha akafanya jambo lililobadilisha kila kitu: akazivunja. Alizitazama nafasi zilizo kati ya herufi na ndani ya herufi, na kutoka humo zikachomoza nyuso ndefu, pembe, mabawa, mimea. Yeye na wenzake, akiwemo Ahmed Shibrain, ndio waliokuja kujulikana kama kundi la Khartoum. Mwaka 1975 alifungwa bila kesi kwa miezi sita, akituhumiwa kuhusika na jaribio la mapinduzi. Kuchora gerezani kulikuwa ni kosa, kwa hiyo alichora kwenye vipande vidogo vya karatasi na kuvifukia mchangani. Baada ya kutoka, na kuishi uhamishoni Qatar, tabia hiyo ya vipande ilibaki mkononi mwake. Picha zake kadhaa kubwa huanza na kipande kimoja cha katikati, kisha vingine vinaongezwa pembeni, bila yeye kujua mapema itaishia wapi. Mwaka 2013 jumba la Tate Modern la London lilimfanyia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Nimekaa sana kwa El-Salahi kwa sababu anaonyesha kwamba chimbuko la mchoraji si moja, na halikai mahali pamoja. Ubao wa chuoni ulimpa herufi. London ilimpa ujuzi wa kuzivunja. Kutopendwa na watu wa kwao kulimrudisha kwenye ubao. Gereza lilimpa ukubwa wa karatasi. Ukiondoa kimoja, picha haipo. Na mtu wa Kilwa ana jambo la ziada la kumsaidia: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kwa vikuba na matao yake ya mawe ya matumbawe, ni somo la karne nyingi la jinsi mdundo wa maumbo unavyoweza kuujaza moyo bila picha ya kiumbe hata kimoja. Hakuna anayesimama chini ya matao yale akauliza ni sanamu za nini.

Malighafi nayo ni mwalimu, na mara nyingi ndiyo mwalimu mkali zaidi. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, njia ileile ya kutoka Masasi, hakuwa mchoraji dhahania, lakini mfano wake unaeleweka haraka. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia vibao vya dari na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Rangi hiyo haichanganyiki taratibu kama rangi ya mafuta ya wachoraji, wala haina kivuli laini. Inataka eneo bapa, ukingo mkali, nukta. Mtindo mzima ambao sasa unabeba jina lake umekaa juu ya tabia ya kopo la rangi. Vivyo hivyo kwa Mark Bradford wa Los Angeles, aliyezaliwa mwaka 1961 na kukulia katika saluni ya mama yake. Picha zake kubwa za mwanzo zilitokana na vikaratasi vyembamba vinavyofungiwa ncha za nywele zinapotiwa dawa. Alivichoma kingo kidogo ili mstari uonekane, akavibandika kimoja kimoja kwenye safu. Baadaye akaongeza mabango yaliyobanduliwa kwenye kuta za mitaa ya Weusi, akayabandika tabaka nyingi na kuyakwangua kwa mashine ya msasa mpaka ya chini yachungulie. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ramani ya mji uliopigwa picha kutoka ndegeni. Ukisogea, unakuta ni karatasi za saluni na matangazo ya mikopo. Maisha ya mtaa ule yamo ndani, ingawa hakuna mtu aliyechorwa.

Kwa muziki nitapita haraka, maana jambo lenyewe liko wazi: Piet Mondrian, Mholanzi aliyekimbia vita na kufika New York mwaka 1940, alisisimkwa na muziki wa boogie-woogie wa Wamarekani Weusi, na mistari yake myeusi iliyonyooka ikageuka mifuatano ya vijimraba vya manjano, nyekundu na buluu vinavyorukaruka. Anayejua ngoma ya sindimba, jinsi ngoma ndogo inavyokatiza kubwa na kiuno kikajibu, hahitaji maelezo zaidi.

Anayehitaji maelezo zaidi ni Julie Mehretu, ambaye huenda ndiye mchoraji dhahania mwenye asili ya Afrika anayezungumzwa zaidi leo. Alizaliwa Addis Ababa mwaka 1970, baba Mwethiopia, mwalimu wa jiografia wa chuo kikuu, na mama Mmarekani. Familia iliondoka mwaka 1977 katika msukosuko wa utawala wa kijeshi wa Derg. Alisoma kwa muda Dakar kabla ya kumalizia masomo Marekani. Picha zake ni kubwa kuliko ukuta wa sebule. Chini kabisa huwa na michoro ya majengo: viwanja vya michezo, viwanja vya ndege, ngome, ofisi za serikali. Juu yake hupakwa tabaka angavu, kisha mchoro mwingine, kisha alama ndogo za wino, maelfu yake, zinazokimbia kama umati, zinazojikusanya, zinazotawanyika. Katika kazi ya mwaka 2012 yenye sehemu nne alitumia jengo la Mogamma la Cairo, lililo kando ya uwanja wa Tahrir ambako maandamano ya mwaka 2011 yalifanyika, akaliweka pamoja na michoro ya viwanja vya miji mingine iliyoona maasi. Katika kazi za baadaye ameanza na picha za habari, moto wa msituni au ghasia za mtaani, akazifuta na kuzitia ukungu kabisa hadi zibaki rangi, ndipo akachora juu yake.

Watu huona fujo. Lakini fikiria ramani ya kusini yetu ikichorwa tabaka juu ya tabaka. Chini kabisa kuna njia za misafara kutoka ziwa Nyasa hadi Kilwa na Mikindani. Juu yake mipaka ya Wajerumani na Wareno iliyokata ukoo mmoja kwa mto. Juu yake mashamba ya karanga ya Nachingwea yaliyoanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kushindwa, pamoja na bandari ya Mtwara, na reli iliyojengwa kwa ajili yake kisha ikang'olewa. Juu yake kambi za wapigania uhuru wa Msumbiji. Juu yake vijiji vya ujamaa vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka, watu wakahamishwa kutoka mashamba yao ya korosho. Juu yake bomba la gesi kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam. Chora yote kwa pamoja kwenye karatasi moja, usifute hata moja, na uongeze alama ndogo kwa kila mtu aliyehama. Utapata kitu kinachofanana na picha ya Mehretu, na hakuna atakayesema kwamba hakina maana. Huo wingi wenyewe ndio maana. Anayechora tabaka moja tu anasema uongo wa adabu.

Sasa tahadhari, kwa sababu neno la athari linatumiwa ovyo. George Lilanga, aliyezaliwa wilaya ya Masasi mwaka 1934 na kufariki Dar es Salaam mwaka 2005, alianza kama mchongaji, akafanya kazi Nyumba ya Sanaa, na akawatoa mashetani kwenye mpingo akawalaza kwenye picha zenye rangi kali na mistari minene. Mara nyingi husemwa kwamba Keith Haring wa New York alichukua kwake. Ni kweli kwamba maumbo yao yanafanana, yanabanana na kucheza. Lakini kufanana hakutoshi, kama tulivyoona kwa bibi wa Utopia na Pollock. Lazima uulize nani aliona nini, lini, na baada ya kuona mkono wake ulibadilikaje. Haring mwenyewe alieleza mara kadhaa kwamba alitikiswa na maonyesho ya Pierre Alechinsky aliyoyaona Pittsburgh mwaka 1977, na kwamba katuni alizokuwa akichora na baba yake utotoni ndizo zilizompa mstari. Alechinsky alikuwa mwanachama wa CoBrA, kundi lilelile la Mancoba. Yaani Afrika ikitafutwa katika ukoo wa Haring, huenda ikapatikana kwa njia ndefu isiyopita Masasi. Lilanga hapungui kitu kwa hilo. Alichokifanya, cha kuhamisha umbo kutoka kwenye patasi hadi kwenye brashi, ni kikubwa bila cheti cha New York.

Jambo la mwisho ni la ruhusa, na kwangu ndilo lenye uzito zaidi kwa wachoraji wetu wanaochipukia. Kngwarreye alichora mistari ya awelye kwa sababu alikuwa mzee mwenye haki nayo. Kati ya watu wake alama zina wenyewe, na si kila mtu anaweza kuchora kiazi cha mwenzake. Huku kwetu nako kuna mambo ya namna hiyo. Kinachochorwa na kufundishwa ndani ya unyago kina makungwi na manyakanga wake. Aliyevaa midimu hatajwi jina. Kijana akichukua alama ya ndani na kuiuza kwenye kitambaa mjini, hajavutiwa na mila, ameichukua bila kubisha hodi. Aende kwa wenyewe aulize kipi kinaweza kutoka na kipi kinabaki.

Chale za usoni ni habari tofauti. Zilikatwa ili zionekane sokoni, shambani na kisimani, na hazikatwi tena. Wanaozibeba ni wazee, na wanapungua kila masika. Picha alizopiga Weule zilikwenda Leipzig. Kwa hiyo, wewe mchoraji wa Newala, Tandahimba au Nachingwea uliye na bibi mwenye chale, muombe ruhusa ukae naye wiki hii na daftari na penseli. Chora kila mstari mahali ulipo, kwenye mkunjo wa shavu na kwenye paji. Muulize jina la kila alama, aliyemkata alikuwa nani, alikuwa na umri gani, na kijiji gani. Andika anavyotamka yeye. Rangi utaitafuta baadaye.